Daraja Wanaloliita la Bosi

Kigingi kilikuwa kimeng'olewa tena.

Fundi alisimama mwanzoni mwa daraja, mkoba wa vyombo begani, akakitazama kilipotupwa: kwenye magugu, kichwa chini miguu juu, udongo mbichi ungali umekiganda. Jana yake jioni alikichimbia mwenyewe, akakishindilia mawe pembeni mpaka jasho likamwingia machoni. Kigingi chenyewe hakikuwa na ugomvi na mtu. Kilisimama katikati ya mlango wa daraja ili mtu apite, baiskeli ipite, mbuzi apite, mama na mzigo wake kichwani apite, ila pikipiki ya magurudumu matatu isipite. Na mwenye pikipiki ya magurudumu matatu, upande huu wa mto na upande ule, alikuwa mmoja tu, naye alinyonya ziwa lilelile alilonyonya Fundi.

"Nitamkata masikio huyu," akasema peke yake, ingawa alijua hatamkata hata kucha.

Mwanamke huyu watu walimwita Fundi tu, na jina hilo lilimtosha. Useremala aliuchukua kwa baba yake. Wasichana wenzake walipokaa barazani wakisukana, yeye alikuwa ameshika ncha ya pili ya ubao huku baba akipasua, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye kope. Sasa karakana ilikuwa yake, banda la mabati nyuma ya nyumba, na humo alitengeneza vitanda, milango, madawati ya shule na, ilipobidi, majeneza. Kila kazi ilikuwa na mwenyewe. Kitanda kina mwenyewe, mlango una mwenyewe, hata jeneza lina mwenyewe, na huyo ndiye mteja pekee asiyerudi kulalamika. Daraja ndilo halikuwa na mwenyewe. Alilijenga baba yake, na alipofariki hakuna aliyeitisha kikao kumteua mtu wa kulitunza. Mvua ilinyesha, mbao zikaoza, watu wakaja kubisha mlangoni kwa Fundi kana kwamba daraja nalo lilikuwa sehemu ya urithi, pamoja na misumeno na randa.

Akalitunza. Lilivuka mto wa msituni, mto usio mpana lakini wenye hasira za karibu, maji yake yana rangi ya chai kwa sababu ya majani yanayooza huko juu. Katikati palikuwa na nguzo ya mawe. Magogo marefu yalitoka ukingoni yakalala juu ya nguzo hiyo, mengine yakatoka hapo yakaenda kulala ng'ambo, na juu yake zikapigiliwa mbao, moja baada ya nyingine, kama mbavu. Ng'ambo kulikuwa na shule na zahanati. Huku kulikuwa na soko na barabara. Mtu ambaye hakupita juu ya daraja hilo kwa juma zima, basi ama alikuwa mgonjwa sana ama alikuwa na madeni upande wa pili.

Kwa mama yao walikuwa wawili tu, yeye Fundi na huyo mdogo wake, kitinda mimba, ambaye tangu utotoni aliitwa Bosi. Jina alipewa na baba yao, kwa sababu hakupata kutambaa: alinyoosha tu mkono, akabebwa. Alipokua akaendelea kunyoosha mkono, na dunia ikaendelea kumbeba. Alijaribu hiki na kile, vyote vikamfia mikononi, na kila kilipokufa aliyelaumiwa alikuwa mtu mwingine. Kisha akapata kibali cha kukata miti ng'ambo, kwenye msitu wa ndani, akanunua ile pikipiki yenye bodi nyuma, akaanza kuvusha magogo. Safari hii mambo yakamnyookea. Alinunua miwani ya jua akaivaa hata msituni, kwenye kivuli.

Asubuhi hiyo Fundi hakukichimbia tena kigingi. Alikibeba begani kilivyo, na udongo wake, akaenda nacho mpaka kwa mama.

Mama yao aliishi na Bosi kwenye nyumba ya zamani. Alikuwa ameketi kitandani, mguu umenyooshwa juu ya mto. Mguu huo ulikuwa na kidonda cha siku nyingi, na ng'ambo, kwenye zahanati, ndiko alikokwenda kufungwa bendeji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho nini unaniletea ndani? Kuni?"

"Ni kigingi cha daraja. Mwanao amekitupa porini."

"Mwanangu yupi?" Mama akauliza, kana kwamba alikuwa nao kumi.

Bosi akatokea mlangoni akitafuna mkate. "Dada, umeamka na kisirani. Kile kijiti kinanikwaruza bodi."

"Kimewekwa kikukwaruze! Gogo moja la kwako ni uzito wa watu wangapi? Na unapakia matano. Zile boriti ni za kubeba watu, Bosi. Watu! Nimechungulia chini juzi, zimeanza kupinda."

"Zimeanza kupinda tangu baba yuko hai. Mbao ndivyo zilivyo, zinapinda. Wewe si ndiyo fundi? Zikipinda, zinyooshe."

Fundi akamgeukia mama. "Umemsikia?"

Mama akavuta kanga, akafunika mguu. "Binti yangu, nimesikia. Lakini mwenzio ndiyo kwanza anapata pa kushika. Wewe una karakana, una mume, una mikono. Yeye ana nini? Usimzibie ndugu yako riziki kwa kijiti."

Kwa kijiti. Fundi alitoka na kigingi chake begani, na neno hilo likamfuata njia nzima kama inzi.

Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alimkaribisha vizuri, akamwitikia kwa kichwa kila alipofika mwisho wa sentensi, na alipomaliza akacheka kwa upole. "Fundi, hili ni la tumbo moja. Mimi nikiingiza mkono wangu hapo, kesho mtapatana, nitabaki nao umeungua. Kamalizaneni nyumbani."

"Daraja si la nyumbani, mwenyekiti. Ni la watu wote."

"Ndiyo maana tunakutegemea wewe," akasema mwenyekiti, akasimama kumsindikiza.

Mvua za kwanza zilipoanza, jioni moja Fundi alishuka tena chini ya daraja. Maji yalimfika mapajani. Akapitisha kiganja kwenye boriti ya upande wa kulia, ile inayotoka ukingo wa huku kwenda kwenye nguzo, na vidole vikaingia ndani ya ufa. Haukuwa ufa wa jua, ule mwembamba wa juujuu ambao kila gogo unao. Huu ulikuwa umeshuka kwa mshazari mpaka tumboni mwa mti, na ndani yake nyuzi zilikuwa nyeupe, mpya. Alisimama pale majini, mkono ndani ya ufa, akasikia juu ya kichwa chake miguu ya watu ikipita na sauti zao wakicheka.

Alipanda juu akalifunga daraja. Alikata miti miwili akaipiga msalaba mlangoni, akafunga kitambaa chekundu, na kesho yake alfajiri akasimama hapo mwenyewe kuwaeleza watu. Walimwitikia, "Pole kwa kazi, Fundi," wakainua gauni, wakaruka miti, wakapita.

"Jamani, boriti imepasuka!"

"Tutapita polepole."

"Haijui polepole! Shukeni kule chini kwenye maji mafupi."

"Tulowane asubuhi hii? Fundi naye!"

Mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani akamwambia wazi kwamba tangu ashike nyundo amekuwa na maringo, na kwamba baba yake, Mungu amrehemu, hakuwa akifungia watu njia. Fundi alitamani kumjibu. Kabla hajapata neno, akamwona anayefuata kwenye mstari. Alikuwa mume wake mwenyewe, mpishi wa shule ya ng'ambo, amekunja suruali, mguu mmoja tayari juu ya msalaba.

"Hata wewe?"

"Mke wangu," akasema mumewe kwa aibu, "uji wa watoto hautajipika."

"Nimekwambia usiku kucha!"

"Umeniambia, na nimekuelewa. Napita pembeni kabisa, upande wa kushoto." Akavuka akiwa amejibana kwenye kishikio kama mtu anayepita kando ya mbwa, akafika, akageuka, akampungia mkono. Fundi hakumpungia.

Alasiri ndipo aliposikia muungurumo kutoka ng'ambo, ambako Bosi alikuwa amelala tangu juzi akikata miti. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Bosi aliisimamisha pikipiki kwenye mlango wa upande ule, magogo yamefungwa kwa kamba nyuma yake, mazito, mekundu, ya ule mti mgumu unaokataa hata msumari. Huko nako Fundi alikuwa ameweka msalaba. Bosi alishuka, akaung'oa kwa teke moja.

"Bosi!" Fundi aliita kutoka huku, akakimbilia mpaka kwenye nguzo ya katikati na kuinua mikono yote miwili. "Usipande! Upande wangu huu umepasuka. Shusha magogo, tutayavusha moja moja kwa kamba. Nitakusaidia mimi mwenyewe, nakuapia!"

"Toka njiani, dada!"

"Sitoki!"

"Mteja ananingoja barabarani na lori. Utamlipa wewe?" Akawasha chombo, akaja nacho. Mbao zililia chini ya magurudumu. Fundi alibaki amesimama mpaka alipoiona taa ya mbele imekaribia kifua chake, na akamwona mdogo wake nyuma ya miwani, amekaza taya, hapunguzi. Akarudi kinyumenyume, akageuka, akakimbia. Kosa si lake. Hata hivyo ile hatua ya kumpisha ilimuuma kuliko mengi yaliyofuata.

Miguu yake ilikuwa imekanyaga ukingo aliposikia mlio. Haukuwa mkubwa kama alivyoudhani siku zote. Ulikuwa kama mtu anayevunja muwa gotini. Kisha daraja likainama upande mmoja taratibu, kama linalosikiliza jambo chini, na Bosi, pikipiki, kamba na magogo vikamwagika mtoni.

Fundi aliruka bila kuvua mkoba. Maji yalimpiga kifuani, nyundo ikamvuta chini, akaufungua mkanda akauacha uende. Akamwona Bosi amekumbatia gogo, uso umepauka, mkono mmoja unaning'inia vibaya. Alimshika ukosi wa shati. Walikunywa maji wote wawili. Aliparamia mizizi ya ukingoni, akateleza, akaparamia tena, mpaka akamtupa juu ya matope kama gunia, naye akaanguka kando yake.

Walihema kwa muda. Bosi akakohoa, akatema, akafumbua macho.

"Dada," akasema, "daraja lako limeniua."

Fundi hakumpiga. Watu waliokusanyika baadaye walieleza kwamba alicheka, lakini kile hakikuwa kicheko.

Siku zilizofuata zilikuwa za kumchosha mtu roho. Kila aliyepita karakana alichungulia na kuuliza, "Fundi, unalitengeneza lini?" Hakuna aliyekwenda kumuuliza Bosi. Mkono wake ulikuwa umevunjika, na kwa kuwa zahanati ilikuwa ng'ambo, alibebwa na wanaume kwenye machela kupitia kule kwenye maji mafupi. Alikuwa akiwaelekeza njia nzima, kushoto, kulia, inueni, mpaka mmoja wao akamtishia kumwacha katikati awe nguzo mpya. Mama naye hakusema na binti yake. Alikwenda kwenye bendeji akivushwa mgongoni, analowa, anarudi na kidonda kibichi kuliko alivyoondoka nacho.

Fundi aliufunga mlango wa karakana kwa kufuli. "Na wajenge," alimwambia mumewe, ambaye siku hizo alirudi kutoka shuleni suruali imelowa mpaka kiunoni. "Si wana mikono? Walikuwa na miguu ya kuruka vizuizi vyangu, sasa wawe na mikono."

"Una haki," akasema mumewe, akikamua suruali.

"Usiniambie nina haki! Uliruka na wewe."

"Niliruka. Nilikuwa mpumbavu. Lakini mke wangu, huyo anayelowa si Bosi. Ni watoto."

Hilo alilijua. Ndilo lililomkasirisha zaidi, kwamba alilijua, na kwamba wote walijua kuwa analijua. Waliketi kungoja tu, kama watu wanaongoja mvua ikatike. Hasira yake haikuwa na pa kwenda. Alichana kuni zote za nyumbani, akachana na za jirani.

Mwishowe alikwenda kwa mama, hakuketi, akasema akiwa amesimama mlangoni. "Nitajenga. Lakini boriti nazitaka zile."

"Zipi?" Bosi akauliza kutoka kwenye mkeka, mkono kwenye plasta.

"Zile zilizoangukia mtoni. Ziko pale kwenye kona ya mto, zimekwama kwenye mawe."

Bosi akainuka nusu. "Magogo yangu? Yale ni ya mteja! Dada, una wazimu? Mti ule haupatikani kila siku. Kata mti mwingine huko, miti imejaa msitu mzima. Pikipiki imekufa, mkono umekufa, sasa na magogo unataka? Mama, mwambie. Mama!"

Aliendelea hivyo. Alieleza hasara yake kutoka mwanzo, kisha akaieleza kutoka mwisho. Mama alikuwa amefumba macho, mguu juu ya mto, bendeji inavuja maji ya mto. Fundi akamtazama, na kwa mara nyingine tena, mtu mzima yeye, akajikuta anangoja kama mtoto kuambiwa kwamba hakukosea.

"Mpe," mama akasema.

"Lakini mama..."

"Mpe magogo, baba. Mpe, ninyamaziwe."

Basi. Haikuwa hukumu wala haki. Ilikuwa uchovu wa kichwa. Fundi alichukua hichohicho alichopewa, akaondoka.

Kazi ilianza na watu wawili, yeye na mumewe, siku ya mapumziko ya shule. Walipoonekana wamefunga kamba kwenye gogo la kwanza na kushindwa hata kulitikisa, wakaja wengine, na mama wa samaki akiwemo, akavuta kamba kuliko wanaume na kutukana mto kwa ufasaha. Magogo yalipanda. Mti ule mgumu uliila misumeno meno. Kila tundu la bolti Fundi alilitoboa kwa kekee ya mkono mpaka viganja vikatoka malengelenge. Na daraja alilijenga jembamba. Watu walipolalamika kwamba wawili hawawezi kupishana bila kugusana mabega, aliwajibu kwamba kugusana mabega hakujaua mtu.

Siku ya kulifungua, Fundi alikuwa chini yake, anakaza bolti za mwisho kwenye nguzo. Alisikia viatu vya mwenyekiti juu ya kichwa chake, na sauti yake ikishuka kupitia kwenye nafasi za mbao.

"Ndugu zangu, tumshukuru kijana wetu, Bosi! Baada ya ajali ile mbaya, hakukata tamaa. Ametoa magogo yake, mti wa thamani, kwa ajili yetu. Moyo gani huo? Makofi!"

Makofi yalipigwa. Daraja jipya liliyapokea vizuri, halikutikisika.

Fundi alipanda ukingoni, spana mkononi, matope mpaka shingoni. Watu walimpisha. Bosi alikuwa amesimama mbele na plasta yake, miwani mipya usoni, ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu aliouazima mahali.

"Mwenyekiti," akasema Fundi, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia, "magogo hakuyatoa. Aliyaangusha. Aliyaangusha pamoja na daraja la zamani, nilipomwambia asipande, nilipokwambia wewe, nilipowaambia ninyi nyote. Mimi niliyatoa majini. Sitaki makofi. Nataka tu lisemwe lilivyokuwa."

Kisha mtu wa nyuma akacheka, na mwingine akamfuata. "Fundi na mdomo wake!" wakasema kwa upendo kabisa, wakaanza kuvuka. Aliyepiga makofi alikuwa mumewe, peke yake, akapiga mpaka ikawa aibu.

Tangu siku hiyo linaitwa Daraja la Bosi. Mgeni akiuliza njia ya zahanati, huelekezwa hivyo. Bosi mwenyewe amenunua mkokoteni, anashusha magogo ng'ambo, vijana wanayavusha moja moja mabegani, na huwaeleza watu kwamba mpango huo aliubuni yeye. Fundi akilisikia jina hilo, hukasirika hadi leo. Mumewe alimshauri azoee. Akamwambia azoee yeye.

Miezi ikapita kabla mama hajavuka kwa miguu yake. Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga. Fundi alimkuta pale asubuhi moja, katikati ya daraja, juu ya nguzo, ameshika kishikio kwa mikono yote miwili na kuyatazama maji. Alimwamkia. Mama aliitikia, akapitisha kiganja kwenye mti.

"Hiki kishikio kinachoma," akasema. "Kimeniingiza kibanzi. Baba yako angekilainisha."

Maneno yalimjaa Fundi kinywani, ya mwaka huu na ya miaka yote. Mama akanyoosha kidole, akamwonyesha kibanzi kilipoingia, chini ya ngozi nyembamba. Fundi akakishika kidole kile, akakisogeza karibu na macho, akakitoa kibanzi kwa kucha.

"Nitaleta msasa," akasema kwa ukali.

"Leta," akasema mama. "Nakungoja hapahapa."

Akaenda kuuleta, anatembea haraka, bado ana hasira.